Chumba Kikavu

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Bungulu, mtaa wa Beni, alitolewa katika chumba alichokuwa amepanga kando ya barabara, mahali alipokuwa akichezesha vijana michezo ya video. Alikuja kuniuliza kama ningeweza kumwekea vitu vyake kwa muda: mashini nne, tele nne, na mfuko mmoja wa maneti, vile vidude vya kushika mkononi wakati wa kucheza. Nilikubali kabla sijafikiri. Alipokuwa bado anashusha tele ya pili kwenye pikipiki, mikono yangu ilikuwa imeshaanza kazi ambayo sikuwa nimeifanya tangu nilipokuwa na miaka tisa. Nilipanga mbao chini ili kitu chochote kisiguse saruji. Nilisogeza kila kitu mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Nilijaza makaa makavu kwenye makopo ya maziwa ya unga, nikaweka kopo moja kila pembe, na nikatupa vidonge vya naftalini kwa ajili ya mende, kwa sababu mende wanapenda joto la mashini na huzaliana ndani yake.

Jirani alisimama mlangoni akicheka. «Masika, ni nani alikufundisha hii kazi?»

Harufu ya makaa na naftalini, vikiwa pamoja, ilinipanda kichwani. Nilitoka nje, nikamwambia ninahitaji hewa.

Aliyenifundisha ni Papa. Tulikaa Butembo, kwenye mtaa wa mlimani ambako mvua huanza mchana na baridi yake haitoki kwenye nguo hata ukizianika juu ya moto. Papa alikuwa na chumba cha mchezo karibu na soko, chenye mashini nane na benchi ndefu zilizochakaa kwa kukaliwa. Vijana wa pikipiki walipumzika pale kati ya safari mbili, na wanafunzi walifika wakiwa wameficha mashati yao ya shule ndani ya mifuko. Mimi niliruhusiwa kuingia Jumapili tu, baada ya misa, kufuta vioo vya tele kwa kitambaa kikavu. Kila mashini ilikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, na Papa alizizungumzia kama watu. Jioni aliketi mezani na kumwambia Mama, «Namba tatu ameamuka na homa leo.» Au, «Namba sita hapana penda kulala chali, sharti nimuegemeze.» Mama aliguna tu. Mimi niliamini kila neno. Niliamini kwamba namba tatu anaweza kuugua na kwamba siku moja anaweza kufa, na kwamba akifa tutamlilia.

Halafu mfanyabiashara mwenye jengo akaamua kulibomoa ili ajenge la ghorofa, na akampa Papa wiki moja. Papa alizunguka mji mzima na hakupata mahali. Basi vitu vyote vikaja nyumbani. Nyumba yetu ilikuwa na sebule, chumba cha wazazi, na chumba changu. Nyuma, ng'ambo ya ua, palikuwa na depo ya mbao ambamo Mama aliweka makaa na muhogo mkavu. Chumba changu ndicho kilichokuwa kikavu kuliko vyote: bati jipya, sakafu ya saruji, na dirisha lenye vyuma ambalo halikuelekea upande wa mvua. Papa alisimama katikati yake, akageuka polepole, akasema, «Ni hapa.» Nikahamishiwa kwenye godoro chini, kando ya kitanda cha wazazi, pamoja na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, wala sikulalamika. Nilijivunia kwamba wamechagua chumba changu.

Siku mbili tulizofanya kazi ile ni kati ya siku nilizompenda Papa zaidi katika maisha yangu. Hakuwa mtu wa maneno na watoto, lakini kwa vitu alikuwa mpole. Alinionyesha jinsi ya kukunja waya bila kuivunja shingo, kwa duara kubwa, na kuifunga kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Alinionyesha kutoa betri ndani ya maneti ili zisivuje. Tele husimama, hazilazwi. Mashini hufungwa kwanza kwa kitambaa, halafu plastiki, na plastiki lazima itobolewe matundu madogo. Mablanketi manne mazito, yale ambayo Mama aliyatunza kwa ajili ya wageni, tulizungushia tele kubwa. Nikamuuliza kwa nini tunafanya taabu yote hii.

«Ju ya humidité,» alisema. «Weye unaona moto ndiyo mubaya, unaona mwizi ndiyo mubaya. Hapana. Ni maji ya mu hewa ndiyo inaua mashini, pole pole, hata hauione.»

«Maji inatoka wapi?»

«Kila mahali. Hata mu pumzi. Mutu akipumua, anatosha maji inje. Donc humu hapana mutu wa kukaa. Unaingia, unaangalia, unatoka.»

Nilikwenda kupumua kwenye kioo cha Mama na kweli kikawa na ukungu. Papa alinunua kufuli kubwa, akanipa ufunguo, na akaniita chef, yaani mkubwa, wa chumba kile. Alikuwa anatania. Mimi sikutania.

Haikupita muda Tantine akafika kutoka Beni. Alikuwa dada mdogo wa Papa. Mume wake alikuwa ameuawa shambani, na mtaa wao wa Beu ulikuwa umeanza kuhama, familia moja baada ya nyingine. Alifika na begi moja na binti yake Kahindo, mwenye miaka kumi na miwili, mrefu, mwenye sauti nzito ambayo ilinishangaza kwa msichana. Walisimama sebuleni wakiwa bado na vumbi la njia, na Mama akaanza kulia, na Papa akamshika Tantine mkono kwa muda mrefu. Halafu ikaja saa ya kuonyeshana mahali pa kulala.

Mama alitazama mlango wa chumba changu. Papa alimtazama Mama.

«Yaya,» Tantine alimwambia kaka yake kwa haraka, maana alikuwa ameona, «sisi hata chini, hata jikoni.»

«Hapana jikoni,» Papa alisema. «Tutasafisha depo. Ni ya siku mbili tatu, nikipata salle ingine ya muchezo ile bitu itatoka. Unajua ni ile bitu ndiyo itatukulisha sisi bote.»

«Wasingya, Yaya,» alisema Tantine. Asante.

Kahindo alikuwa akisoma namba ambazo Papa aliandika kwenye mlango kwa chaki, moja mpaka nane. Aliniuliza kwa sauti ya chini, «Humu munalala batu munane?»

Siku mbili tatu zikawa majuma. Depo ilikuwa na mbao zilizoachana na bati lililotoboka. Mama aliziba matundu kwa sabuni na matambara, na maji yakatafuta mengine. Kila asubuhi Tantine alitoa mkeka nje na kuukamua. Halafu Kahindo akaanza kukohoa. Mwanzoni kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, alichokificha kwenye kiwiko. Kisha kikawa kikubwa, chenye mlio wa kitu kinachochemka ndani. Nilisikiliza kwa makini, na nikafanya hesabu yangu. Kama kila mtu ana maji katika pumzi, basi Kahindo ana maji mengi kuliko watu wote niliowahi kuwaona. Amejaa mpaka juu. Nilianza kukaa mbali naye wakati wa chakula. Sikuuogopea mwili wangu. Nilikuwa nikiingia kuangalia mashini baada ya kula, na niliogopa kuwapelekea maji yake.

Mchana mmoja wa mvua alinikuta nikifungua mlango. Alikuwa amejifunga kitenge cha mama yake, kimelowa pindoni.

«Masika, acha nikae kidogo pa mulango. Sitagusa kitu.»

Nilimruhusu, na hadi leo sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kuniomba ruhusa ya kitu chochote. Alikaa chini, mgongo kwenye fremu ya mlango, akafumba macho. Aliniambia Beni walikuwa na kitanda chenye chandarua cha rangi ya waridi. Aliniambia hapo kuna joto kama Beni. Mama aliponiita nimshike mtoto nilikimbia mara moja tu. Niliporudi Kahindo hakuwepo, na tele ya pembeni, ile kubwa kuliko zote, ilikuwa imesimama uchi, bila blanketi.

Nilingoja chakula. Nilitaka Papa awepo, na nilitaka wote wasikie. Tulikuwa tunakula bugali na sombe ya majani ya muhogo, mvua bado inanyesha, na Tantine alikuwa amembebea Kahindo sahani yake depo kisha akarudi. Nikasema, «Papa, kuna mutu aliiba blanketi ya tele.» Papa akaacha tonge mkononi. «Nani?» Nikasema jina.

Aliondoka mezani bila kunawa. Nilimfuata, maana nilikuwa chef. Kahindo alikuwa amelala kwenye mkeka, amejikunja, blanketi limemfunika mpaka masikioni. Papa alilishika kwenye pindo na kulivuta. Hakumpiga. Sijawahi kumwona akimpiga. Alilivuta tu, kwa nguvu ile ile anayotumia kutoa kitambaa juu ya meza, na Kahindo akabaki pale na gauni lake, akimtazama, magoti yakiwa yamepanda kifuani.

«Angalia,» Papa alisema, akilipapasa. «Imeshalowana. Unataka niifungie tele na hii maji?»

Mama alikuwa amefika mlangoni. «Papa Masika, ni mutoto.»

«Na ile tele ndiyo itamukulisha ule mutoto. Bote banaona kama miye niko mubaya. Mais kama ile bitu inakufa, nani atatununulia bugali? Wewe?»

Blanketi lilianikwa juu ya jiko hadi likakauka, na kabla ya jioni tele ikavikwa tena. Tantine aliomba msamaha kwa niaba ya binti yake. Mimi Papa alinipapasa kichwa. Nilibeba ule mpapaso siku nzima.

Baada ya hapo Kahindo hakuja tena mlangoni. Alipungua. Sauti yake nzito ilipotea, akawa anaongea kwa hewa tu, na akila vijiko viwili anachoka. Kama siku kumi zikapita hivyo. Hatimaye Tantine alimsubiri Papa uani aliporudi, akapiga goti katika matope, jambo ambalo dada hamfanyii kaka isipokuwa yamefika mwisho. «Yaya, siombi kitu ingine. Chumba kikavu, siku tatu, mutoto apone. Hata siku mbili.»

Papa alimwinua. Nilikuwa jikoni, nilimwona uso wake, na nataka kuwa mkweli kuhusu jambo hili kwa sababu watu wanaposikia habari hii humchukia yeye: alikubali. Alikubali papo hapo. Alisema atatoa nusu ya mashini aziweke sebuleni, zingine atazipandisha juu ya nyingine, na Kahindo atalala katikati. Alisema hata yeye alikuwa ameshalifikiri. Mama akaanza kutafuta shuka. Tantine akaenda kumleta Kahindo, akamkalisha kwenye kiti chini ya ukingo wa bati, amemfunga vitenge viwili.

«Masika,» Papa akaita. «Lete lufunguo.»

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilimtazama Kahindo pale kwenye kiti, kifua kinapanda na kushuka, na nikaziona mashini zote nane gizani zikimngoja aingie kuzipumulia. Namba tatu kwanza, maana ndiye dhaifu. Halafu wengine. Halafu hakuna bugali. Nilidhani wakubwa wamesahau. Nilidhani Papa ana huruma na huruma imemsahaulisha alichonifundisha mwenyewe, na kwamba nimebaki mimi peke yangu ninayekumbuka. Nikageukia ukuta wa jikoni, nikainama kana kwamba nafunga kiatu, nikauteremsha ufunguo ndani ya soksi.

«Umepotea,» nikasema.

Alinipiga makofi mawili. Alinikung'uta gauni, akageuza mifuko. Niliendelea kusema umepotea, labda uani, labda nilipokwenda kuchota maji. Basi wote wakatoka kutafuta. Papa, Mama mwenye mtoto mgongoni, Tantine, wote wameinama wakipapasa matope kwa vidole, na manyunyu yameanza, na Kahindo anawatazama kutoka kwenye kiti. Papa alichukua nyundo akapiga kufuli mara mbili. Mlango wote ukatikisika, na ndani kitu kikagonga kitu. Akaacha. Alisema akivunja mlango hakutakuwa na pa kufungia vitu, na kesho asubuhi atamleta soudeur, mchomea vyuma wa barabarani, akate kufuli vizuri. «Ni kesho tu,» alimwambia Tantine. Kahindo alirudishwa depo.

Asubuhi hakuweza kusimama. Walimweka kwenye pikipiki katikati, dereva mbele, Tantine nyuma amemkumbatia ili asianguke, miguu yake mirefu ikining'inia kila upande. Waliteremka mlima kuelekea kituo cha afya wakati soudeur anapanda na mitambo yake. Kufuli lilikatwa. Papa aliingia, akapapasa mablanketi kwa nyuma ya mkono, akanusa hewa. Vyote vilikuwa vikavu.

Mchana Mama, aliyekuwa amewafuata, alirudi kutoka kituoni kuchukua sufuria. Papa alimuuliza muganga amesema nini. «Amesema mapafu imejaa maji,» Mama akajibu.

Nilisikia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na nilisikia vizuri, na sitaificha furaha niliyoipata. Daktari mwenyewe amesema. Maji, kama nilivyojua. Nilikuwa nimeokoa nyumba.

Kahindo alikufa siku ya tatu, kabla ya saa sita mchana.

Waliomleta nyumbani walikuwa wengi, na majirani wakajaa, na sebule haikutosha. Mtu mmoja, sikumbuki nani, akasema wanawake wanahitaji mahali pa kukaa na mfiwa. Hakuna aliyemwuliza Papa. Majirani wanne waliingia chumbani mwangu wakatoa vitu, na kazi ile yote, mashini nane, tele nane, mbao, makopo, ilimalizika kabla maji ya chai hayajachemka. Vilirundikwa uani chini ya bashi, turubai la plastiki. Nafasi ilikuwepo. Wanawake wakatandika mikeka, wakamkalisha Tantine katikati, na kwa siku tatu walikaa humo kumi, kumi na tano, wakilia, wakiimba, wakipumua. Nilikuwa nikiingia kupeleka vikombe. Nilitazama kuta. Zilikuwa kavu.

Nje mvua ilinyesha juu ya bashi siku zote tatu.

Baada ya mazishi Papa aliwasha groupe, jenereta lake dogo, akavuta waya, akaanza kuzijaribu moja moja. Hakuweza kungoja, wateja wake walikuwa wameshamtafutia chumba kingine. Alichomeka namba moja, ikawaka na muziki wake mdogo wa kuanzia. Ya pili ikawaka. Namba tatu ikawaka. Namba sita ikawaka ikiwa imelala chali. Tantine alikuwa ametoka akasimama mlangoni, nywele zimenyolewa, na alitazama zote nane, tele moja baada ya nyingine ikipata rangi. Ilipowaka ya mwisho Papa alipiga mkono kwenye paja na kusema, «Yote iko mizima! Hata moja haikukufa!» Kisha akageuka na kumwona. Muziki uliendelea. Hakukumbuka kuuzima.

Papa alipata chumba chake, na kweli tulikula. Tantine alikaa nasi mwaka mzima, katika chumba changu, kwenye kitanda changu, halafu akarudi Beni kuuza maharage. Mimi nilikua, nikaolewa Beni pia, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikimtembelea, nikimletea sukari, nikimwita Tantine, bila kusema neno. Lakini siku ile jirani alipoleta mashini zake nilifunga nyumba nikaenda kwake kwa miguu. Nilimkuta akichambua maharage. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, ufunguo, soksi, na furaha ile.

Hakuacha kuchambua.

«Ilikuwa soksi ya kushoto,» alisema.

Sikuelewa. Akainua macho.

«Nilikuona, Masika. Nilikuwa nimesimama pa kiti ya Kahindo. Nilikuona unainama.»

«Na haukusema?»

«Nisemee nani? Mu nyumba ya Papa yako, nisimame niseme mutoto yake iko mubaya? Angalikupiga mbele yangu. Mama yako angalinichukia. Na kisha, siye tulikuwa tutaenda wapi? Beni ilikuwa inaungua.» Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa uani. «Nilisema mu roho: kesho soudeur anakuja. Mutoto ameshavumilia siku mingi, atavumilia moja.»

Nilianza kulia, na nikamwomba anisamehe. Alinikatiza, na sauti yake haikuwa ya upole.

«Usinililie. Ulikuwa na myaka tisa. Miye nilikuwa mama yake. Na niliinama mu matope pamoya na Papa yako, nikatafuta ile lufunguo, na mutoto wangu iko ananiangalia.»